Nilivyoinasa hitilafu ya mota ya korona

Korona (mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani) ya kiwanda kimoja cha mkonge upande wa Muheza, Tanga, ilikuwa ikizima yenyewe mara mbili tatu kwa siku. Ovalodi, kinga ya mota dhidi ya mkondo mkubwa, inakata; ukifika na mita, kila fezi, yaani kila moja ya nyaya tatu za umeme, iko sawa. Nje matela yamejaa majani, na jani la mkonge likishakauka, nyuzi hazitoki safi.

Nilifunga klampu tatu za kupima mkondo, moja kila fezi, nikaziunganisha na kifaa cha kunasa data. Siku ya kwanza nilirekodi kila kitu, vipimo 10,000 kwa sekunde kwa kila fezi. Jioni nikawa na zaidi ya gigabaiti moja ya mawimbi. Nilikesha nayo, sikuona kitu.

Aliyenisaidia ni mzee anayeiendesha korona. "Mwanangu, hii haizimi ghafla. Inaguna kwanza."

Mota iliyopoteza fezi moja huguna hivyo hivyo! Basi nilichokihitaji kilikuwa kabla ya kuzima.

Nikaacha kurekodi ovyo, nikatumia triga ya analogi, kifyatuo kinachokiambia kifaa wakati wa kuhifadhi. Ndani ya kifaa kuna kompareta, saketi inayolinganisha volti inayoingia na kiwango ulichoweka, papo hapo, bila kuingoja kompyuta. Klampu zangu hutoa milivolti 10 kwa ampea. Kwa mzigo wa kawaida wa ampea 100, kilele cha wimbi ni volti 1.4; fezi moja ikipotea, zinazobaki hubeba karibu mara 1.7, kilele kinafika 2.4. Nilianza na volti 1.6 kwenye fezi nyekundu, ikawa inafyatuka kila majani mengi yalipoingia. Nikapandisha hadi 2. Kuwasha mota nako huvuta mkondo mkubwa mno, kwa hiyo niliitega baada ya mota kushika kasi.

Utamu wenyewe uko kwenye kumbukumbu ya nyuma. Kifaa hupima muda wote, kipya kikifuta cha zamani, na triga ikifyatuka kinakubakizia yaliyotangulia. Niliagiza vipimo 5,000 vya nyuma: nusu sekunde, mizunguko 25 ya umeme wetu wa hezi 50.

Saa tano asubuhi ikafyatuka. Nyekundu na bluu zimepanda, na kabla yake fezi ya njano inachanika vilele, kisha imelala sifuri. Tukakata umeme, tukafungua kontakta, swichi inayoipelekea mota umeme. Ncha za njano zilikuwa nyeusi, zimeliwa.

Tulifunga kontakta mpya. Mzee akawasha, akatega sikio kwa muda, kisha akaashiria majani yaletwe.