Pikipiki huvuka daraja, OB haivuki

Mimi ni katibu wa chama cha bodaboda huku Bamburi, Mombasa. Pikipiki ikiibiwa kwetu, mwizi hana safari ndefu: anashika barabara ya Malindi, anapita Shanzu, akivuka daraja la Mtwapa tayari yuko kaunti ya Kilifi. Akielekea kusini, feri ya Likoni kisha Kwale. Mombasa ndiyo kaunti ndogo kuliko zote 47 kwa eneo. Wizi wa hapa humalizikia kwa jirani.

Kijana wetu mmoja aliporwa pikipiki usiku. Akaandikisha kituoni, akapewa namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, kwenye kikaratasi. Tulipopata fununu kuwa imeonekana ng'ambo, tukaenda kituo cha huko. Afisa wa zamu, mtu mstaarabu kabisa, akafungua kile kitabu kikubwa, akapitisha kidole mstari kwa mstari. "Kaka, hapa hakuna ripoti hiyo." Ingekuwepo vipi, na iliandikwa kwa kalamu kwenye kitabu cha kituo kingine? Nikamsomea namba ya chasisi kutoka kwenye logbuku, naye akawapigia wenzake kwa simu yake mwenyewe, kwa salio lake. Hadi walipoelewana, pikipiki ilikuwa imeshahamishwa.

Linaloniuma ni kuwa hawa ni polisi wamoja. Kule Marekani mji huwa na polisi wake, kaunti nayo ina sherifu wake, kwa hiyo ni vikosi tofauti, kila kimoja na mkuu wake. Sisi Katiba ya 2010 ilitupa Huduma moja ya Taifa ya Polisi, chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Kaunti hazina polisi wao. Basi daraja limekuwaje mpaka?

Nataka vituo vipeane taarifa, ila nina sharti. Namba ya pleti, ya chasisi na ya injini, saa na mahali pa tukio, hizo zifike kila kituo cha Pwani usiku uleule. Majina ya vijana ni jambo jingine kabisa. Magenge ya mapanga yakichachamaa Kisauni, msako hupita na mtoto wa watu huzolewa kwa kukutwa barazani tu. Asubuhi anaachiliwa bila shtaka. Jina lake likishaingia kwenye orodha inayosomwa Mtwapa, Likoni hadi Diani, nani atalitoa? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa za uongo kumhusu zirekebishwe au zifutwe, lakini ataombaje na hajui kama yumo? Asiyeshtakiwa asiandikwe humo, basi.

Kwa sasa chama kinaweka daftari la chasisi za wanachama wote, na tumepeana namba za simu na wenyeviti wa steji za Mtwapa na Likoni. Ikiibiwa moja, ujumbe unatoka papo hapo. Kikao kijacho cha usalama kwa chifu nitalibeba daftari hilo, nimwombe OCS, mkuu wa kituo cha polisi, atuambie ni nani kituoni kwake atakayepokea ujumbe huo saa nane za usiku.