Kengele ya banda la vifaranga, wiki ya tatu: transista gani?

Kengele ya kunionya joto la banda likienda vibaya bado haijalia inavyotakiwa, ila kioo cha mkondo (sakiti ambapo transista moja inaweka mkondo na nyingine mbili zinauiga) kimekubali, na hapo ndipo nilipokwama tangu mwanzo.

Kwa aliyechelewa: vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, na mimi nataka betri mbili za AA zidumu. Kioo kinatoa mikondo miwili pacha ya mikroampia 5. Mmoja unapita kwenye thamista (rezista inayobadilika kufuata joto) ya kilo-omu 100, mwingine kwenye rezista ya kawaida, halafu volti mbili hizo zinalinganishwa. Betri ikichoka mikondo yote inashuka pamoja, kwa hiyo hainisumbui. Ila mmoja ukimzidi mwenzake kwa asilimia 4, kengele inakosea karibu nyuzi moja nzima.

Nilianza na 2N7000, transista za aina ya MOSFET, kwa sababu zimejaa kwenye kopo langu na geti lake, yaani mguu wa kuziendesha, halinywi mkondo. Nilijidanganya. Karatasi ya maelezo yenyewe inasema volti ya kuanza kufunguka ni popote kati ya 0.8 na 3! Upande mmoja nilipata mikroampia 5, wa pili 14. Zikarudi kopo.

Nikahamia BC557C, transista ya kawaida inayoendeshwa na mkondo mdogo kwenye mguu wa besi. Kilichonitia hofu ni mkondo wa besi, maana ukuzaji wa transista hushuka mkondo ukiwa mdogo. Usiku mzima nimepiga hesabu, kumbe hofu ya bure: mkondo wa besi unaipunguza mikondo yangu miwili kwa kiasi kilekile, na mimi nashughulika na tofauti tu. Kundi la C, lile la ukuzaji mkubwa, nimebaki nalo kwa vile nilishalinunua.

Adui ni joto. Nilishika transista moja kwa vidole viwili nikiwa naangalia mita: 5.1, 5.4, 5.9, ikasimama 6.3. Nilipoachia ikaanza kushuka taratibu. Volti kati ya besi na emita (mguu mwingine wa transista) hupungua kama milivolti 2 kwa kila nyuzi, na milivolti 18 tu zinatosha kuuzidisha mkondo mara mbili. Sasa fikiria banda lenye taa ya joto upande mmoja.

Dawa imekuwa mbili. Kwanza, transista zote tatu nimezitoa kwenye utepe mmoja, zikiwa zinafuatana, nikazibana nyuso bapa kwa grisi ya joto na mpira wa kusinyaa. Pili, kila emita imepata rezista yake ya kilo-omu 22. Hapo zinadondoka milivolti 110, na tofauti ya milivolti 5 kati ya transista iliyokuwa inaharibu mkondo kwa asilimia 19 sasa inaharibu chini ya 4. Gharama yake ni hizo volti 0.11, ambazo betri mpya haizioni.

BCV61 na ndugu yake BCV62 zimetengenezwa kwa kazi hii hasa, transista mbili ndani ya gamba moja. Lakini miguu yake ni midogo kuliko chembe ya mchele, na mkono wangu wa kulehemu naujua.

Kitu kingine: mita yangu ya bei ndogo ina ukinzani wa megaomu 1. Ukipima volti juu ya kilo-omu 100 inakula asilimia 9. Transista mbili nzima nilishazitupa kabla sijaligundua hilo.

Leo jioni sakiti imelala karibu na taa. Tofauti ya pande mbili ni asilimia 2. Kesho naanza na kilinganishi.