Ukuta Mzito Bila Dirisha la Usiku ni Jiko: Nilivyoipoza Nyumba Dodoma Bila Kiyoyozi

Oktoba na Novemba, Dodoma mchana hupita nyuzi 30, lakini kabla ya alfajiri hushuka hadi karibu 19. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wenyewe: ukuta mzito hunywa joto la mchana, hewa ya usiku inaliondoa. Dar es Salaam, ambako hata usiku kuna fukuto, ningejenga kuta nyepesi na madirisha makubwa.

Nilitumia matofali ya kufungamana ya udongo na saruji, sentimita 30 kwa 15 kwa 10. Udongo niliupima kwanza kwenye kisanduku cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4: unalowanishwa, unashindiliwa, unaachwa ukauke. Wangu ulinywea milimita 38, nikachanganya saruji ndoo 1 kwa udongo ndoo 14. Ukinywea zaidi ya milimita 60, ongeza mchanga kabla ya kuongeza saruji, maana mfinyanzi ukizidi tofali hupasuka hata saruji iwe nyingi. Mfuko mmoja wa saruji ulinipa kama matofali 75. Yafunike kwa nailoni na kuyamwagilia siku 7 za mwanzo. Mafundi wengi huishia siku ya pili, kisha pembe zinamomonyoka.

Ukuta wa ndani wenye mita za mraba 10 una tani karibu 2.8. Ukipanda nyuzi 4 umemeza joto sawa na uniti 2.6 za umeme hivi. Kumeza huko kunategemea hewa ya chumba kuugusa, kwa hiyo usiufunike kwa mbao wala kabati refu la nguo. Lipu nyembamba inatosha.

Kosa langu lilikuwa upande wa magharibi. Chumba cha kulala nilikizungushia ukuta wa sentimita 15 usio na kivuli. Unene huo huchelewesha joto saa 4 au 5 tu, kwa hiyo jua la saa kumi alasiri lilifika kitandani saa tatu usiku. Mkono ukiuweka ukutani unasikia vuguvugu kama birika lililosahaulika. Kuongeza safu nyingine kungesogeza joto hadi usiku wa manane, kwa gharama. Dawa ilikuwa kulizuia jua nje: fito za mianzi sentimita 40 kutoka ukutani, na mpasheni juu yake. Ningeanza upya, magharibi ningeweka stoo na choo.

Kaskazini na kusini ni rahisi. Mwezi Juni jua la adhuhuri huinamia kaskazini kama nyuzi 30 kutoka utosini, hivyo upenu wa sentimita 90 unatupa kivuli cha mita 1.5 kwenda chini, kinachotosha dirisha la kawaida. Kusini, sentimita 60 zinatosha hata Desemba.

Tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo wa Dodoma, ilikuwa na udongo hadi juu ya paa. Bati limeuondoa, na sasa joto kubwa linashuka kutoka juu. Chini ya bati nilitandika foili inayong'aa, nikaacha nafasi ya sentimita 5 upande unaong'aa. Foili iliyogusana na bati hupitisha joto moja kwa moja. Nilitoboa matundu chini ya upenu na kuinua kofia ya bati ili hewa moto itoke.

Kazi inayobaki ni ya usiku. Chumba cha mita 3.6 kwa 4 nilikipa matundu mawili ya sentimita 60 kwa 120, la chini mashariki unakotoka upepo, la juu upande wa pili. Hiyo ni asilimia 10 ya sakafu. Yana grili na wavu, kwani dirisha linaloogopwa na mwenye nyumba halifunguliwi, na ukuta usiopumua usiku unaamka na joto la jana. Tunafungua saa mbili usiku, tunafunga saa mbili asubuhi, mapazia na vioo vyote. Anayefungua mchana "hewa iingie" anaingiza joto.

Wavu wa mbu hupunguza upepo sana, na vumbi la kiangazi likiuziba unabaki kama kitambaa. Wangu naufuta kwa brashi na maji kila baada ya wiki mbili.