Sangara wa Deep Sea

Wiki mbili zilizopita kaingia binti mmoja hapa steshenari, mwanachuo wa diploma, shikamoo kaka, marahaba mdogo wangu, katoa flashi anataka ripoti yake ya fildi iprintiwe na kubaindiwa nakala tatu, dedilaini Ijumaa. Mie kazi za watu zikipita mkononi huwa nazipitia, sio kwa umbea, ni kuangalia kurasa zisije zikaruka, na hii ilihusu biashara ya samaki pale Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, ambapo nanunua kitoweo tangu nikiwa mtoto wa kutumwa, kwahiyo nikaisoma kwa hamu kabisa. Ukurasa wa 11 nikakutana na sangara. Nikageuza, nikakuta "wavuvi wa ziwa hili". Deep Sea utapata changu, kolekole, tasi, vibua, pweza, lakini sangara ni samaki wa Ziwa Victoria, na sisi Tanga tuna bahari jamani, ziwa tumelitoa wapi?

Nikamvuta pembeni wateja wengine wasisikie, nikamuonyesha. Hakubisha. Alipewa ripoti ya mtu aliyemaliza zamani, akaiambia kompyuta kila palipo na Mwanza paandikwe Tanga, akaweka jina lake juu, basi.

Kilichoniuma ni kwamba kwenye mkoba alikuwa na kauntabuku imejaa mpaka jalada la nyuma. Binti alikwenda kweli fildi! Asubuhi sita alikuwa Deep Sea kabla jua halijachomoza, kaongea na watu 23, kaandika kila kitu. Kuna mama muuzaji alimwambia barafu ikichelewa, ikifika saa nne samaki keshalegea, wachuuzi wenye ndoo wanajua hilo kwahiyo wanakaa kivulini kumsubiri mpaka ashushe bei mwenyewe, na siku hiyo yeye anarudi nyumbani na deni la boti. Nikamuuliza mdogo wangu, haya mbona hukuyaandika? Akasema, "Kaka, Kiingereza changu sio cha ripoti."

Hapo ndo penyewe. Tukizungumzia wizi wa maandishi watu wanataja uvivu, na wavivu wapo sikatai, lakini wengi wanaopita hapa kwangu tatizo lao ni woga. Mtu kasoma sentensi ya profesa imenyooka, anaona akiiandika yeye itatoka imepinda, bora aichukue kama ilivyo. Au anabadilisha maneno mawili matatu, hapa anaondoa kitenzi anaweka kingine, pale anageuza mpangilio kidogo, anadhani sasa ni yake. Sio yake. Mifupa ya sentensi ni ileile na hoja ni ileile, umeivalisha nguo tu.

Nayajua haya kwa sababu yalinikuta. Mwaka wa pili chuo kikuu nilichukua makala ya Kiingereza kuhusu misemo ya kanga, nikaitafsiri yote kwa Kiswahili, nikaikusanya kama insha yangu. Niliamini kabisa kutafsiri ni kazi, nimetoka jasho, kwahiyo ni yangu. Mwalimu aliniita ofisini, akaiweka ile makala mezani, akaweka na insha yangu ubavuni, aya kwa aya. Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja, "na wewe mwenyewe unasemaje kuhusu kanga?" Mie mtoto wa Ngamiani, nimelelewa na bibi mwenye makanga sanduku zima na anayejua kila moja alimvalia nani na kwa ugomvi gani, nikakosa la kusema. Sifuri niliishaisahau, lile swali sijalisahau.

Kwahiyo binti nilimfundisha ninachofanya mie tangu siku ile. Soma, elewa, halafu funga kitabu. Sasa nielezee huyu mwandishi kasema nini, kwa Kiswahili, kama unamwelezea mama yako jikoni. Akikwama nampa kitabu arudie, maana kukwama ni dalili kwamba hakuelewa, na asiyeelewa hana njia zaidi ya kunakili. Akishaeleza vizuri ndo aandike kwa Kiingereza chake, sentensi fupi fupi. Halafu, na hapa wengi ndo wanateleza, bado amtaje yule mwandishi na mwaka wa kazi yake, kwa sababu maneno yamekuwa yako lakini wazo bado la kwake. Na kama unayataka maneno yake yenyewe, yafungie kwenye alama za kunukuu na uweke ukurasa.

Kutaja ulikotoa sio desturi ya Wazungu. Sisi tuliokaa madrasa tumelelewa nayo, hadithi ya Mtume haisomwi hivihivi, ni imepokewa na Abu Huraira, imepokewa na Bibi Aisha, na wanazuoni wanafuatilia nani kapokea kwa nani, mlolongo ukikatika hadithi inahesabiwa dhaifu. Isnadi hiyo. Ukiona umechoka kuandika marejeo kumbuka wazee wale walisafiri miji na miji kuhakikisha jina moja tu kwenye mlolongo.

Akaniuliza sasa kila kitu nitaje? Hapana. Kwamba Tanga ni mji wa bandari, au malaria inaenezwa na mbu, hayo yanajulikana na kila mtu, huhitaji shahidi. Kwamba Tanga ni nchi ya mkonge, vilevile. Lakini ukiandika kwamba mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa iliyofika hai na kupandwa ni 62, hapo msomaji ana haki ya kuuliza umejuaje, maana kuna mtu alihesabu na mwingine akahifadhi. Mtaje uliyemsoma wewe. Sio unasoma kitabu kimoja kinachomnukuu mwingine halafu unajifanya umemsoma yule wa ndani, sema umempata kupitia nani.

Kuna hili la asilimia, linanikera. Vijana wanaambiana ukipita Turnitin, programu inayolinganisha kazi yako na maandishi ya wengine, kwa asilimia iliyo chini ya kiwango cha chuo uko salama. Ile programu inaonyesha maandishi yanayofanana, haihukumu. Inaweza kukuwekea rangi nukuu uliyoitaja vizuri kabisa na orodha yako ya marejeo, na wazo uliloiba ukaliandika kwa maneno mengine likapita. Wapo wanaolipa watu "washushe" asilimia, na siku hizi wanamuachia ChatGPT aandike yote na marejeo, kumbe mengine kayabuni, kitabu chenyewe hakipo duniani. Nimewahi kumtafutia mtu makala moja ya hivyo saa nzima.

Na haya yanakufuata mpaka ukubwani. Karl-Theodor zu Guttenberg alikuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani, 2011 watu wakaipekua tasnifu yake ya udaktari ukurasa kwa ukurasa, chuo cha Bayreuth kikamvua shahada na uwaziri ukaondoka. Lakini mie kinachonitia hofu zaidi ni mtu wa halmashauri kesho akiichukua ripoti ya sangara akapangia mambo ya Deep Sea kwa takwimu za ziwani, na yule mama anaendelea kulaliwa saa nne kila siku barafu ikichelewa, na hakuna pahala ilipoandikwa.

Sikuibaindi. Nilimwambia nenda kaombe wiki moja kwa msimamizi wako, umweleze ukweli, na alikwenda, nampongeza kwa hilo maana sio jepesi. Jioni alikuwa anakuja kukaa kwenye benchi hapa nje na kauntabuku lake, kalamu nyekundu kwa mawazo yake, bluu kwa anayoyatoa vitabuni pamoja na jina na ukurasa, asije akachanganya baadae.

Juzi karudi na flashi. Sura ya nne kurasa 9, Kiingereza kina makosa ya hapa na pale, barafu imo, wachuuzi wa kivulini wamo, jina la mama halimo maana alimuahidi hatolitaja. Akaomba nakala nne badala ya tatu. Moja anaipeleka Deep Sea, akamsomee yule mama kwa Kiswahili.