Kumbukumbu ya mradi: kunyamazisha balbu za LED zinazovuma redioni

Mahali pa kazi ni Kampala, kwenye safu ya vyumba vya kupanga, vile ambavyo wenyewe huita muzigo. Umeme ni 240 V, 50 Hz, na nyaya za vyumba vyote zinapita dari moja. Lengo ni kusikiliza AM na masafa mafupi usiku bila kuzima taa.

Wiki ya 1: kupima

Kipimo ni redio ndogo ya betri na futi ya seremala. Redio isichomekwe ukutani, maana mvumo utaingia kupitia waya wake wa umeme na majibu yatapotoka. Tafuta nafasi isiyo na stesheni karibu na 1,000 kHz, washa balbu moja tu, shika redio chini yake, kisha rudi nyuma polepole hadi mvumo upotee. Andika umbali. Sauti isiguswe tangu balbu ya kwanza hadi ya mwisho.

Balbu nne za dukani zilipimwa. LED ya 9 W ya bei ya chini: mita 4. LED ya 7 W: mita 1.5. Ile ya bomba la mkunjo, 15 W: mita 2. LED ya 5 W: sentimita 10 hazikufika.

Ukizungusha kitafutio polepole, mvumo wa ile ya 9 W unapanda na kushuka kila baada ya kHz 50 hivi. Hiyo ndiyo kasi ambayo saketi ya ndani inakata umeme, na kila mahali unapousikia kwenye kitafutio ni kizidisho chake.

Wiki ya 2: ndani ya balbu

Kabla ya kushika chochote: kapasita (sehemu inayohifadhi chaji) ya ndani, 4.7 µF 400 V, hubaki na karibu 340 V hata balbu ikiwa mkononi. Gusisha miguu yake kwa rezista ya 10 kΩ, 2 W, kwa sekunde chache. Balbu ya bomba la mkunjo usiifungue kabisa, kioo chake kina zebaki.

Kwenye ubao wa ile ya 9 W wino mweupe unasomeka wazi: "L1", nafasi ya koili (waya uliosokotwa), na "CX1", nafasi ya kapasita. Pale pa L1 pamesoldiwa kipande cha waya mtupu. Pale pa CX1 pana matundu mawili yasiyo na kitu. Mchoraji wa saketi aliweka kichujio cha kuzuia kelele, kiwanda kikakiondoa ili kubana gharama. Hapo ndipo tatizo zima lilipo, na inauma kuona sehemu ya bei ndogo namna hiyo ikinyimwa nafasi yake.

Ile ya 5 W haina koili kabisa. Inadhibiti mkondo moja kwa moja bila kuukata, kwa hiyo haina cha kurusha hewani. Kasoro yake ni joto: umeme ukipanda kupita 240 V, ziada yote inageuka moto ndani ya chipu. Kwenye mtaa ambao volti hazitulii, maisha yake yatakuwa mafupi.

Jaribio muhimu kuliko yote: balbu ileile ya 9 W ilitolewa darini ikawekwa mezani kwenye holda yenye waya wa sentimita 30, ikilishwa kupitia kichujio kikubwa. Umbali ulishuka kutoka mita 4 hadi sentimita 60. Maana yake balbu yenyewe ni mrushaji dhaifu. Antena ni waya wa darini, hasa ule wa laini (waya unaoleta umeme) unaoshuka kwenye swichi na kupanda tena huku nyutro (waya wa kurudisha umeme) ikipita njia yake peke yake.

Wiki ya 3: kichujio

Jaribio la kwanza, feraiti ya kubana (kile kipande kinene kinachozunguka waya) iliyotolewa kwenye waya wa skrini ya kompyuta, halikubadilisha kitu kwenye AM. Waya ukipita mara moja tu, ukinzani wake kwa 1 MHz ni mdogo mno. Ukipitisha mara tatu, unakua mara tisa. Feraiti hizo zinafaa zaidi kwa FM.

Kichujio kilichofanya kazi kina kapasita mbili za X2 (aina ya kuungwa kati ya laini na nyutro), 0.1 µF 275 V AC, na koili mbili za 1 mH zinazobeba 0.3 A. Koili moja inakaa kwenye laini, nyingine kwenye nyutro. Kapasita moja inaunganisha laini na nyutro upande wa balbu, ya pili upande wa umeme. Kwa hesabu, koili hizo na kapasita moja zinaanza kuchuja kwenye kHz 11, na zikifika kHz 50 zinapunguza kelele karibu mara 20. Kapasita zote mbili zinavuta kama 15 mA, lakini mkondo huo hauli yuniti za Yaka (umeme wa kulipia kabla) kwa sababu mita inahesabu wati halisi tu.

Rezista ya kumaliza chaji ya kapasita hizo ni mbili za 470 kΩ zilizofuatana. Moja ya robo wati haistahimili kilele cha 340 V.

Kapasita za X2 zinapatikana ndani ya pawa saplai mbovu za kompyuta: boksi la njano lenye alama ya X2 ubavuni. Usiweke ya kawaida ya 400 V DC badala yake. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, hiyo hutoboka, ikashoti na kuungua. X2 imetengenezwa ili tundu lake lijizibe.

Kichujio kilipofungwa kwenye boksi la meni swichi, umbali haukupungua hata nusu, kwani waya wote wa darini ulibaki wazi mbele ya balbu. Kilipohamishiwa kwenye boksi la plastiki juu ya holda, nyaya zikiwa na urefu wa sentimita 8, mita 4 zikawa mita 1.1. Zima meni swichi kabla ya kazi hii na upime kwa testa. Kuna vyumba vyenye swichi inayokata nyutro na kuacha laini hai kwenye holda.

Kilichobaki kinasafiri kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja, na koili za mojamoja hazikizuii vya kutosha. Dawa ni koili ya mviringo yenye misokoto miwili, kutoka pawa saplai ileile. Laini ipite msokoto mmoja, nyutro wa pili, zote zikiingilia upande mmoja. Ukigeuza mmoja, kiini kinashiba sumaku na koili haifanyi kazi. Hakikisha kwa multimita kuwa misokoto haigusani. Baada ya hapo: sentimita 25.

Wiki ya 4: jirani

Usiku bado kuna mvumo kwenye 7 MHz taa zetu zote zikiwa zimezimwa. Redio ilirudishwa kwenye AM na kuzungushwa taratibu: mvumo hufifia kabisa pale fimbo ya feraiti iliyo ndani ya redio inapoelekeza ncha kwenye chanzo. Ncha inaelekea chumba cha tatu. Kichujio cha pili kimeshasoldiwa kwa ajili ya holda yao, na wamekubali kifungwe Jumamosi mchana, vyumba vyote vikiwa vimezimwa umeme.