Moto Juu ya Fungu

Nilipokuwa na umri wa miaka minane, babu yangu, aliyekuwa mvuvi wa ngalawa, alinichukua siku moja ya bamvua hadi kwenye fungu la mchanga lililo mbele ya Nyali, Mombasa, ambalo huonekana maji yakipwa tu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nyanya alikuwa amenisimulia safari ya kwanza ya Sindbad katika Alfu Lela Ulela: mabaharia wanashuka kisiwani na kuwasha moto wapike, kumbe kisiwa ni samaki aliyelala miaka mingi hata mchanga ukajaa mgongoni mwake na miti ikaota. Joto lilipomfikia, alizama nao.

Babu alipanga vifuu vya nazi, akaviwasha, akaweka changu wawili juu yake. Chini ya nyayo zangu mchanga ulikuwa na mikunjo kama ngozi ya mzee, na vitundu vyake vilitoa povu, vikatulia, vikatoa tena, mithili ya kiumbe anayepumua.

"Babu, zima! Ataamka!"

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwandishi al-Qazwini, katika karne ya 13, aliandika habari za kasa aliyedhaniwa kisiwa, na kwamba mwandishi al-Jahiz wa Basra, zaidi ya miaka 300 kabla yake, alikuwa amekataa kuwasadiki mabaharia wenye hadithi za aina hiyo. Wengi husema chanzo chake ni nyangumi. Mimi siridhiki na jibu hilo, kwa sababu nyangumi huibuka kuvuta pumzi kisha akaenda zake, ilhali fungu humpa baharia nafasi ya kushuka, kupika na kukaa, kisha likamtoweka chini ya miguu.

Babu hakunicheka. Alichota maji kwa upo, akaumwagia moto taratibu, akasema, "Haya, mwanangu, tumwache alale." Tulikula samaki ngalawani, nusu wabichi. Maji yalipojaa, fungu lilibaki utepe mweupe, kisha likafunikwa, na vifuu vyeusi vikaelea kimoja kimoja kuelekea pwani. Ndipo babu aliponikabidhi pondo, mti mrefu wa kusukumia ngalawa, akanishika mikono tukaizamisha pondo pamoja, nami nikahisi ncha yake ikigusa mchanga, mlaini, uliotulia palepale tulipouacha.