Waliowabeba: kwenye njia ya Grand Tour, kutoka Mont Cenis hadi Vesuvius

Lanslebourg ni kijiji kidogo upande wa Ufaransa, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Mont Cenis unaoitenga nchi hiyo na Italia. Dada yangu anaishi Lyon, na usiku wa kuamkia safari aliniuliza tena kwa nini nisipande treni ikanipitisha ndani ya mlima kama abiria wengine. Handaki la reli lipo tangu 1871. Nikamwambia, dada, mimi nataka kupita juu, walikopita wapagazi.

Kazi yangu ni kuongoza wageni Kilimanjaro. Nilianzia chini, nikiwa mgumu, kama tunavyowaita wapagazi wetu, nikibeba mahema na mitungi ya gesi kabla ya kusomea uongozaji. Kwa hiyo niliposoma kwa mara ya kwanza habari za Grand Tour, macho yangu hayakutua kwa mabwana waliosafiri. Yalitua kwa watu waliokuwa kando yao.

Grand Tour ilikuwa desturi ya matajiri, hasa wa Uingereza, tangu katikati ya karne ya 17 hadi mwisho wa karne ya 18. Kijana wa ukoo mkubwa, akikaribia kurithi ardhi na pengine kiti cha bunge, alipelekwa bara la Ulaya kwa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Paris alijifunza Kifaransa, kucheza dansi, kupigana kwa upanga na kukaa vizuri juu ya farasi. Kisha alivuka milima ya Alpi akashuka Torino, Firenze, Roma, Napoli, na Venezia kwa msimu wa sherehe. Jina la Grand Tour lilianza kuonekana katika kitabu cha Kiingereza mwaka 1670. Mwandishi wake, Richard Lassels, alikuwa kasisi aliyekwenda Italia mara tano akifuatana na vijana wa aina hiyo. Yaani hata jina lenyewe tumeachiwa na mtu aliyekuwa kazini.

Njia ya zamani inaanza kupanda mara tu ukiacha nyumba za mwisho. Inapita msituni, kisha miti inaisha na upepo unakupokea. Barabara ya lami iko kando kidogo, na pikipiki zilikuwa zikipanda kwa kelele, lakini kwenye njia ya miguu nilikuwa peke yangu. Hapa ndipo gari la farasi la bwana lilipofunguliwa vipande vipande, magurudumu huku, kibanda kule, vikafungwa juu ya baghala. Bwana mwenyewe alikalishwa kwenye machela, kiti cha majani makavu kilichofungwa kwenye miti miwili, akabebwa na wanaume waliopokezana njia nzima hadi upande wa pili. Mtu mzito alilipia wapagazi zaidi. Niliposoma hilo nilikumbuka mizani iliyopo langoni kwetu, ambapo mzigo wa mgumu haupaswi kuzidi kilo 20, na jinsi tunavyobishana na wageni juu ya mabegi yao. Huku juu, mzigo ulikuwa mgeni mwenyewe.

Novemba 1739 alipita hapa Horace Walpole, mtoto wa waziri mkuu wa Uingereza, pamoja na mshairi Thomas Gray. Walpole alikuwa na mbwa mdogo mweusi aliyeitwa Tory. Mchana, jua likiwaka, mbwa mwitu alitoka msituni akamnyakua Tory pembeni mwa farasi, na hakuna aliyewahi kumpiga risasi. Walpole alimwandikia rafiki yake barua yenye uchungu wa kweli juu ya kifo hicho. Katika barua hiyo wapagazi nao wamo: ni washenzi wa milimani waliolewa mvinyo mchachu wakapigana njiani. Jina la mbwa tunalijua mpaka leo. La mtu hata mmoja kati ya waliombeba, hatulijui. Nilipofika kileleni mwa njia, mita 2,083, nilikaa kwenye jiwe nikala mkate wa dada nikiwa na hasira juu ya jambo lililotendeka karibu miaka 300 iliyopita, na sioni aibu kusema hivyo.

Juu kuna ziwa kubwa la bwawa la umeme, na chini ya maji yake imelala nyumba ya wageni ya kale, ambako watawa waliwapokea wasafiri kwa karne nyingi. Nililipita haraka. Nilichotaka kilikuwa mteremko wa upande wa Italia, wenye vijiji viwili, Ferrera na Novalesa, vilivyoishi kwa kazi ya kubeba vizazi kwa vizazi. Nyumba ni za mawe, zimebanana, na njia imekunjamana kati yake mpaka magoti yanaomba huruma. Kushuka na mtu begani kwenye mteremko ule si jambo la nguvu peke yake. Ni elimu: unaweka wapi mguu, lini unabadilishana bega bila kusimama, unamtuliza vipi aliyekaa juu akiogopa bonde. Mwanzoni mwa karne ya 19 Napoleon alijenga barabara ya magari juu ya mlima, ikaiacha Novalesa pembeni, na kazi ikafa. Mtu anayeishi kwa mlima akisikia habari kama hiyo hawezi kuipita tu.

Kutoka Susa nilipanda treni hadi Torino, na njiani nilimuwaza mwalimu. Kila kijana alikuwa na mwalimu wake wa safari, mtu msomi asiye na mali, aliyelipwa ili amsomeshe, amlinde na kamari na wanawake, na aandike barua nyumbani kueleza maendeleo. Waingereza waliwatania walimu hao kwa kuwaita waongoza dubu. Anayejulikana kuliko wote ni Adam Smith. Mwaka 1764 aliacha kiti chake cha uprofesa Glasgow akafuatana na kijana Duke wa Buccleuch, kwa malipo ya pauni 300 kwa mwaka na kiasi hichohicho maisha yake yote baada ya safari. Walikaa Toulouse mwaka na nusu hivi. Smith, akiwa hana wa kuzungumza naye, akaanza kuandika kitabu ili kupitisha muda. Geneva alikutana na mwanafalsafa Voltaire, Paris na wanauchumi wa Kifaransa. Safari ilikatika 1766, mdogo wake Duke alipofariki Paris. Mwaka 1776 Smith alitoa kitabu chake cha uchumi ambacho dunia inakisoma hadi leo. Nami nauliza: katika safari ile, aliyesoma ni nani hasa?

Firenze sitakaa nayo sana. Niliingia jumba la sanaa la Uffizi, nikasimama mlangoni mwa chumba cha pembe nane kiitwacho Tribuna, ambako vijana hao walijazana kuitazama sanamu ya Venus wa familia ya Medici, na foleni ikanisukuma mbele. Kizuri zaidi nilichojifunza huko ni habari ya Anna Maria Luisa, wa mwisho katika ukoo wa Medici, aliyetia saini mkataba mwaka 1737 kwamba hazina yote ya ukoo ibaki Firenze daima. Wakati wageni wananunua kila kinachonunulika, mwanamke mmoja alifunga mlango. Ningependa jina lake lijulikane kuliko la wanunuzi wote.

Roma nilikaa. Treni hukushusha Termini, lakini mimi nilikwenda kwanza Porta del Popolo, lango la kaskazini, kwa sababu huko ndiko msafiri alikotokea. Kabla ya kwenda hotelini alipelekwa Piazza di Pietra, forodhani. Jengo bado lipo: nguzo 11 za hekalu la mfalme Hadrian, kila moja ndefu kama jengo la ghorofa nne, zimezibwa kwa ukuta ulioongezwa mwishoni mwa karne ya 17. Hapo masanduku yalifunguliwa, vitabu vikapekuliwa kuona kama kuna kilichokatazwa na Papa. Msafiri alikuwa na barua ya benki ya kuchukulia fedha na barua za kumtambulisha kwa mabalozi. Mimi nilibeba barua ya mwaliko ya dada, taarifa za benki za miezi kadhaa na bima ya safari. Nilisimama mbele ya nguzo zile muda mrefu, na nilijisikia msafiri halali kabisa kati ya wasafiri.

Mtu niliyemtafuta Roma ni James Byres. Alikuwa Mskoti, mtoto wa familia iliyokosana na serikali ya London baada ya vita vya Culloden vya 1746, akajikuta Roma, na mpaka 1790 aliishi kwa kuwaonyesha wageni magofu. Mwaka 1764 alimwongoza Edward Gibbon, aliyekuwa na miaka 27. Kwa wiki 18 walitembea jiwe kwa jiwe, na Gibbon mwenyewe alikiri kuwa kuna wakati akili ilichoka. Oktoba 15 mwaka huo, akiwa amekaa katika magofu ya kilima cha Capitolium huku watawa wa miguu mitupu wakiimba sala ya jioni, likamjia wazo la kuandika historia ya kuanguka kwa Roma. Nilipanda pale jioni. Kila anayesimulia wakati huo humsimulia Gibbon na watawa. Mimi nilimfikiria Byres, aliyekuwa ameyaeleza mawe yaleyale kwa wangapi kabla yake, na bado akaeleza kwa namna ya kumwasha mtu. Anayefanya kazi hii anajua kuwa siku ngumu ni ile ambayo wewe umechoka na mgeni wako anaona kitu kwa mara ya kwanza.

Lakini simsafishi. Byres pia aliuza. Mwaka 1785 alifanikisha picha saba za mchoraji Poussin ziondoke Roma kwenda kwa Duke wa Rutland, huku nakala zikitundikwa moja baada ya nyingine mahali pa zile halisi ili wakuu wa Papa wasigundue. Mwongozaji aliyeaminiwa na nyumba za watu akageuka njia ya kuzihamisha mali zao. Hilo linaniuma kwa sababu najua ni rahisi kiasi gani: mgeni anakuamini, mwenyeji anakuamini, na kati yao uko wewe peke yako unayejua bei.

Pompeo Batoni nilimkuta kanisani. Huyu ndiye aliyewachora vijana hao, Waingereza peke yao karibu 200, kila mmoja akiegemea nguzo au sanamu, mbwa miguuni, koti la hariri, uso wa mtu aliyekwisha kuimiliki Roma. Kijana alikaa mara chache uso uchorwe, kisha akaondoka, na picha ikamfuata kwa meli. Nyingine hazikufika: meli Westmorland, iliyotoka Livorno imejaa vitabu, sanamu, picha mbili za Batoni na magurudumu 32 ya jibini ya Parma, ilikamatwa na Wafaransa Januari 1779, na sehemu kubwa ya shehena ikaishia Madrid kwa mfalme wa Hispania. Ila katika kanisa la Santa Maria degli Angeli, karibu kabisa na Termini, kuna picha kubwa ya Batoni, anguko la Simoni mchawi. Aliichora kwa ajili ya kanisa la Mtakatifu Petro, akitumaini ndiyo itakayomweka juu ya wote. Ikakataliwa. Baada ya hapo alizama katika kazi ya kuchora nyuso za wapita njia. Miili katika picha ile inapinda, mikono inapaa, kila pembe ina juhudi. Niliitazama nikaona mtu aliyekuwa na mengi ya kusema kuliko aliyolipwa ayaseme.

Napoli niliiendea kwa ajili ya mlima. Ila kwanza niseme hili, kwa kuwa wabebaji wengine hawakuwahi kuiona Italia kabisa. Mwaka 1780 alifika hapa William Beckford, kijana wa miaka 20, akakaribishwa na balozi wa Uingereza, Sir William Hamilton. Fedha za Beckford zilitoka mashamba ya miwa ya Jamaika, yaliyolimwa na Waafrika watumwa. Vitabu vingi vya safari hizi hulitaja kwa mstari mmoja. Kila farasi aliyebadilishwa njiani, kila kinanda alichopigiwa, kulikuwa na mtu shambani aliyekilipia kwa mwili wake.

Hamilton alikaa Napoli tangu 1764 hadi 1800, akapanda mlima wa volkano Vesuvius mara nyingi kuliko mgeni yeyote wa zama zake, na barua zake kwa wanasayansi wa London zilimpa heshima kubwa. Mwongozaji wake aliitwa Bartolomeo Pumo, mzee wa jicho moja. Oktoba 1767 Hamilton alikuwa mlimani wakati ubavu ulipopasuka na lava kutoka. Mwongozaji aliyekuwa naye alitimua mbio, Hamilton akamfuata, na walikimbia karibu maili tatu bila kusimama. Aliyejua mapema kuwa wakati wa kukimbia umefika ni yule wa kuajiriwa. Goethe, mwandishi wa Kijerumani, naye alipanda Machi 1787. Waongozaji walivaa mikanda mipana ya ngozi kiunoni, mgeni akaushika mkanda, akavutwa juu ya majivu yanayoteleza.

Siku hizi basi linakufikisha karibu na kilele, na njia iliyobaki ni fupi. Nilishuka nikaipanda taratibu, kwa mazoea ya pole pole ya kwetu, huku vijana wakinipita wakihema. Ukingoni mwa shimo alikuwepo mwongozaji wa makamo, jua limemchoma shingo. Nilipomwambia nafanya kazi gani alinishika mkono kwa mikono miwili. Akauliza wageni wetu wanakaa mlimani siku ngapi, mgeni mmoja anabebewa na watu wangapi, tipu zinagawanywa vipi. Nikamweleza: watatu au wanne, mbali na mpishi, na tipu huwa na kelele zake kila mara. Akacheka, akasema hata kwao. Nikamtajia Bartolomeo Pumo. Hakuwahi kumsikia. Akaniomba nimwandikie jina, nikaliandika nyuma ya tiketi yangu, akalisoma kwa sauti mara mbili akirekebisha matamshi yangu. Kisha kundi la Wajerumani likafika. Akaitia tiketi mfuko wa shati, akainua fimbo yake na kuanza kuwaeleza mlipuko wa 1944.